Hell's Gate: Mnara una jina la Mjerumani, msichana hana jina

Kila Jumatatu asubuhi picha ni zilezile. Baiskeli zimelazwa kwenye vumbi, watu sita wamejipanga mstari, miwani ya jua, viatu vimegeuka rangi, na nyuma yao jiwe moja refu limesimama peke yake kama abiria aliyeachwa na gari la mwisho. Mahali: Hell's Gate, Naivasha. Maneno chini ya picha: "Tulihitaji hii." Laiki zinaingia, wale waliobaki nyumbani wanaweka emoji ya kulia, na fomu ya mwezi ujao inaanza kupangwa palepale.

Jiwe hilo kwenye ramani linaitwa Fischer's Tower. Lina urefu wa kama mita 25. Watu wanaliweka mgongoni, wanapiga picha, wanapanda baiskeli na kusonga. Wachache huuliza Fischer mwenyewe alikuwa nani. Wachache zaidi huuliza waliokuwa wakilitazama jiwe hilo kabla yake walisema ni nini.

Na hilo si swali la mtihani wa historia tu. Kule Hell's Gate, suala la nani anakijua kile kipande cha ardhi na nani anasikilizwa limewahi kuamua nani anarudi nyumbani Jumapili jioni na nani harudi.

Fomu yenyewe huanza kwenye kikundi cha WhatsApp. Watu kumi na wanne wanasema "niko ndani", tisa wanatuma mchango, sita wanafika stejini, na aliyetoa wazo ndiye anayechelewa. Matatu ikishapita Limuru, ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linafunguka huko chini, na Mlima Longonot umekaa katikati kama chungu kilichomeguka mdomo. Hapo hata wale waliokuwa wamelala huamka kutafuta simu.

Wanaoteremka kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, hupita kikanisa cha mawe kilichojibana kando ya lami, kidogo kiasi kwamba ukipepesa macho umekikosa. Kilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Italia ilikuwa imeshindwa na Waingereza kule Ethiopia na Somalia, wanajeshi wake wakaletwa Kenya kwa maelfu, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuchonga barabara kwenye ukuta wa bonde. Kanisa walijijengea ili wapate pa kusali. Kila kona inayowafanya abiria washike kiti cha mbele ilichongwa na kijana fulani aliyekuwa mbali sana na kwao, ambaye hakuomba kuja. Maelfu hupita hapo kila wikendi. Hakuna mbogi inayojua jina la hata mmoja wao.

Ukishajua hilo, barabara nzima inabadilika. Unaanza kuona kwamba safari hii imejaa kazi za watu wasio na majina, na majina ya watu waliofanya kazi kidogo.

Chukua Naivasha. Hilo ni neno la Kimaasai lililopindishwa na ndimi za wageni: enaiposha, maji yanayochafuka, yanayoinuka na kushuka. Aliyewahi kupanda boti pale ziwani mchana upepo ukishaamka anajua kwamba aliyetoa jina hilo hakubahatisha. Longonot nalo linatokana na neno la Kimaasai la mlima wenye matuta makali mengi, na ukiutazama ndivyo ulivyo. Olkaria, kule mvuke unakofuka, ni ile ardhi nyekundu ambayo moran walijipaka mwilini na kwenye nywele. Majina ya Kimaasai yanakwambia mahali pakoje. Majina ya wageni yanakwambia nani alipita. Tofauti hiyo ni ndogo ukiwa nyumbani kwenye kochi, lakini ukiwa ndani ya korongo mawingu yakijikusanya, si ndogo hata kidogo.

Hata geti la kuingilia linachekesha kidogo. Linaitwa Elsa, jina la yule simba jike wa filamu na kitabu cha Born Free. Elsa alikufa mwaka 1961 na akazikwa Meru, mbali na hapa. Kinachomuunganisha na Naivasha ni kwamba waliomlea walikuja baadaye kununua nyumba kando ya ziwa wakaiita Elsamere. Simba ambaye hakuwahi kukaa pale amepata geti. Basi tuseme alikuwa na bahati.

Sasa rudi nyuma hadi miaka ya 1870 na 1880. Hakuna lami, hakuna reli, na Nairobi bado ni mbuga yenye maji baridi tu. Waliokuwa wakikatiza bonde hili kutoka mbali walikuwa watu wa misafara ya pwani. Walitoka Pangani na Mombasa, Waswahili, Wanyamwezi na wengineo, wakitafuta pembe za ndovu. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30 kichwani au begani: ushanga, nyaya za shaba na chuma, vitambaa vya amerikani. Safari ilihesabiwa kwa miezi. Kupita nchi ya Wamaasai kulikuwa na ada yake, hongo, na majadiliano yake yangeweza kuchukua siku nzima watu wakiwa wamekaa juani na mizigo yao. Aliyedhani amri ni ya kwake alijifunza haraka.

Watu hao ndio waliokuwa na ramani, ila ramani yao ilikaa kichwani. Walijua kisima kipi kinakauka mwezi gani, boma lipi lina ugomvi na lipi, wapi msafara unaweza kulala bila kuibiwa punda. Mwaka 1870, jarida la Royal Geographical Society la London lilichapisha njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, na chanzo chake kikuu kilikuwa msafiri mmoja wa pwani aliyemsimulia mmisionari wa Kiingereza kituo kwa kituo. Mwaka 1882 njia za kutoka Pangani kuelekea Umaasaini na Nyanza nazo zikachapishwa, vilevile kwa masimulizi ya wenyeji wa biashara hiyo. Kwa hiyo mzungu alipokuja "kuvumbua" njia, njia ilikuwa imeshasomwa London. Na waliomfikisha huko walikuwa ni walewale.

Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyekuwa ameishi Zanzibar tangu katikati ya miaka ya 1870, mpenzi mkubwa wa ndege. Chama cha Jiografia cha Hamburg kilimdhamini, akaondoka Pangani na msafara uliojaa watu wa pwani, na mwaka 1883 akafika Naivasha. Nia ilikuwa kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Wamaasai wakasema hapana. Akageuka.

Hapo ndipo stori za vijiweni huongezwa chumvi. Wapo wanaosimulia kwamba Fischer aliuawa palepale chini ya jiwe, na ndiyo maana likapewa jina lake kama kaburi. Bana, hapana. Alirudi pwani, akafanya safari nyingine mwaka 1885, na akafia Ujerumani mwaka 1886. Alichofanya Hell's Gate ni kufika na kugeuzwa. Kwa hilo akapata mnara, na kule porini akapata pia kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vya rangi ya chungwa wanaobeba jina lake kwenye vitabu vya ndege. Kwao hasa ni kaskazini mwa Tanzania, lakini machotara wao wanaruka leo kando ya Ziwa Naivasha, wazao wa ndege wa kufugwa waliotoroka. Ukiwasikia wakipiga kelele juu ya mti wakati unasubiri baiskeli yako ijazwe upepo, hao ndio.

Mwaka huohuo wa 1883 alikuja Mskoti, Joseph Thomson, aliyetumwa na Royal Geographical Society. Alikuwa na miaka 25 tu, yaani umri wa wengi wanaopanga fomu za Naivasha leo. Alipojaribu kuingia Umaasaini mara ya kwanza alikuta habari za ugomvi wa msafara wa Fischer zimemtangulia, ikabidi arudi Mombasa kujipanga upya. Mara ya pili alifanya la akili: akajiunga na msafara wa wafanyabiashara wa Pangani waliokuwa wakienda njia hiyo kwa miaka. Kitabu chake cha mwaka 1885 kina visa ambavyo vingetrendi leo. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayatoa na kuyarudisha mbele ya watu ili waamini ni mganga mkubwa. Alipohitaji kitu kikali zaidi, alimwaga Eno kwenye maji ikachemka povu. Naam, Eno hiihii ya tumbo.

Thomson naye hakuondoka mikono mitupu. Maporomoko ya Nyahururu, mahali pengine ambapo vijana wa Nairobi hukimbilia wikendi, yaliitwa Thomson's Falls, na mji wenyewe ukaitwa hivyo kwa miongo. Yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayekatiza mbele ya baiskeli Hell's Gate kana kwamba anadaiwa, amebeba jina lake hadi kwenye Kiswahili: swala tomi. Na jina la Hell's Gate lenyewe, lango la jehanamu, huhusishwa na safari za mwaka huo za watu hao wawili. Mahali ambapo moran alipaona nyumbani, mgeni mwenye jua la utosi aliona mlango wa motoni.

Waliobeba mizigo ya wote wawili hawana hata kichuguu.

Sasa lile jiwe. Wamaasai wana stori yake, na haina Mjerumani ndani.

Msichana alikuwa anaolewa. Kwa desturi, bibi arusi akishatoka kwenye boma la wazazi wake haruhusiwi kugeuka kutazama nyuma. Anatembea mbele, polepole, kuelekea kwa watu asiowajua, na akigeuka atageuka jiwe. Msichana huyu alitembea. Akapita uwanda, magenge mekundu kulia na kushoto. Akafika pale. Akataka kuiona nyumba yao mara moja tu, ya mwisho. Akageuka.

Ndiye yule pale.

Wengine husimulia kwamba alikuwa binti wa kiongozi, wengine hawasemi. Stori haimpi jina. Haisemi kama aliona boma la kwao kabla ya miguu kukaza, au kama alichelewa kwa pumzi moja. Watu wa sayansi watakuambia jiwe ni volkano iliyoganda: moto ulioyeyusha mwamba ulipanda kwenye mpasuko, ukapoa, na mvua za maelfu ya miaka zikala ule udongo laini wa pembeni, likabaki lile gumu limesimama. Hilo ni kweli. Lakini stori ya msichana inaeleza kitu ambacho jiolojia haikijali, nacho ni jinsi inavyouma kuondoka mahali ukiwa umeambiwa usitazame nyuma.

Cha ajabu ni kwamba pozi linalopendwa zaidi pale siku hizi ni lile la kutembea kuelekea jiweni, halafu kugeuka ghafla kutazama kamera. Mamia kila mwezi. Hakuna aliyewaambia.

Na kuondoka kukaja kweli, si kwa bibi arusi mmoja. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ikakatiza Bonde la Ufa, na mwaka 1901 ikawa Kisumu. Serikali ya kikoloni ikataka walowezi kando ya reli. Mwaka 1904 ukatiwa saini mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Naivasha na sehemu kubwa ya bonde, wakapelekwa Laikipia na kusini. Waliahidiwa kwamba ni kwa kudumu. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wa Laikipia nao wakaambiwa wahame kwenda kusini. Walienda mahakamani mwaka 1913 na kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mamlaka mbili kama za nchi mbili, kwa hiyo mahakama haina la kusema. Yaani walihesabiwa kuwa taifa siku hiyo tu, kwa sababu ilisaidia kuwanyima ardhi.

Mwaka 1883 moran walitosha kumgeuza mtu na msafara wake wote. Miaka 21 baadaye karatasi iliwahamisha wao. Katika wale waliotembea na ng'ombe wao kutoka Naivasha, ni wangapi waligeuka nyuma? Hakuna mnara wa kuhesabu.

Mashamba ya walowezi yakaja, kisha uhuru, kisha maua na mahoteli. Mwaka 1984 eneo la kilomita za mraba zipatazo 68 likatangazwa hifadhi ya taifa. Ni ndogo ukilinganisha na Tsavo, lakini ina kitu ambacho hifadhi kubwa hazina: unaruhusiwa kushuka kwenye gari, kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na nyati. Ndiyo maana vijana wasio na gari la safari wanaipenda. Ni hifadhi ya watu wa matatu.

Chini yake kuna moto. Mtambo mkubwa wa kwanza wa umeme wa mvuke barani Afrika ulianza kufanya kazi Olkaria mwaka 1981, ukiwa na megawati 15. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, na sehemu kubwa ya huo ni kutoka hapa. Simu inayompiga picha msichana wa jiwe huenda ilichajiwa kwa joto la chini ya miguu yake. Ni jambo zuri, na lina gharama yake. Mwaka 2014, kupisha mtambo mpya wa megawati 140, familia za vijiji vinne vya Wamaasai zilihamishwa. Zilijengewa nyumba mpya, lakini malalamiko kuhusu uhamisho huo yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi kuwe na usuluhishi. Mabomba makubwa ya fedha yanayokatiza mandhari, yale watu wanayoyakata kwenye picha ili yasionekane, ni sehemu ya stori hiyo.

Hollywood nayo ilipita. Wachoraji wa The Lion King, filamu ya mwaka 1994, walifika hapa kutafuta sura ya Afrika ya kuchora. Mwaka 2003 ikaja Lara Croft ya pili, The Cradle of Life, na sehemu yake ikapigwa hapahapa. Waelekezi hukuonyesha kwa kidole: pale alipita Angelina Jolie. Wageni huitikia kwa hamu kuliko ukiwaambia pale alipita bibi arusi.

Halafu kuna korongo. Ol Njorowa.

Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la juu zaidi kuliko sasa, likawa linamwagika kuelekea kusini. Maji hayo ndiyo yaliyochimba. Ukishuka leo unaingia kati ya kuta laini zilizopindapinda kama kitambaa, mahali pengine pembamba kiasi cha kugusa pande zote mbili kwa mikono, maji moto yakichuruzika kwenye nyufa, na anga juu imekuwa utepe tu. Ni mahali pazuri ajabu, hakuna ubishi. Kila picha inatoka vizuri. Na kila unachokipiga picha ni alama ya maji.

Hapo ndipo watu wa mjini hujidanganya. Ukitazama juu na kuona utepe wa bluu, unasema leo hakuna mvua. Lakini mvua inayoleta mafuriko ya korongo hainyeshi korongoni. Inanyesha kule juu, upande wa Longonot na vilima vya mbali, kwenye udongo wa majivu ya volkano ambao hauinywi kwa haraka. Maji yanateremka kwenye mifereji, mifereji inaungana, na yote inatafuta njia moja tu ya kutokea, ambayo ni hiyo uliyosimama ndani yake. Hayaji kidogokidogo kama bomba linalovuja. Yanakuja kwa pamoja, na matope na magogo, na kuta laini hazina pa kushika.

Jumapili, Aprili 22, 2012, kundi kubwa la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa ndani. Walikuja kama wanavyokuja wote: safari ya pamoja, chakula kimefungwa, nyimbo ndani ya basi. Maji yakaja. Saba walikufa.

Jumapili, Septemba 1, 2019, kundi lingine la wageni. Maji yakaja tena. Saba tena. Watano walikuwa wageni Wakenya, mmoja raia wa kigeni, na mmoja mwelekezi wao.

Vichwa vya habari vilisema "watu saba", mara zote mbili, na wiki moja baadaye habari ikawa nyingine. KWS ikafunga korongo. Kwa familia zao hawakuwa saba, walikuwa mmoja mmoja: yule aliyependa kuchukua video, yule ambaye mchango wake ulilipwa na dada yake, yule ambaye hata hakutaka kwenda mwanzoni. Kila kikundi cha WhatsApp kina watu kama hao. Ndiyo maana inaogopesha.

Kuhusu yule mwelekezi. Yeye hakuja kwa ajili ya wikendi. Ilikuwa kazini kwake. Waelekezi wa Hell's Gate wengi ni vijana wa hapohapo, watoto na wajukuu wa watu wanaoyaita yale maeneo kwa majina yanayosema pakoje. Wanalipwa kwa kikundi, kwa siku ambayo wageni wapo, na wanaingia korongoni wakiwa mbele. Wanaye mwenzao aliyeingia na wageni wake na hakutoka. Hilo wanalijua kila wanaposhuka zile ngazi za mawe.

Na bado, getini, mjadala unaosikika zaidi ni wa bei. "Si ni njia moja tu?" "Sisi tutafuata wale wa mbele." "Kuna mtu ameshawahi kuja, atatuonyesha." Watu waliotoa elfu kadhaa za nyama choma bila kupepesa wanapiga mahesabu ya mwelekezi kama vile ni kodi ya dhuluma. Fischer na Thomson walikuwa na kiburi chao, lakini hata wao hawakuthubutu kuingia bonde hili bila kumlipa aliyelijua.

Mwelekezi mzuri utamtambua. Akiwa mdomoni mwa korongo haangalii utepe wa bluu ulio juu ya kichwa chake. Anageuza shingo kutazama mawingu ya upande yanakotokea maji, anampigia simu mwenzake aliye sehemu nyingine, anauliza kama kule kumenyesha usiku. Anakuonyesha pa kutokea kabla hujaingia. Siku nyingine atasema leo korongoni hapana, mtazunguka na baiskeli tu. Sura za watu sita zinaanguka, mmoja anasema wametoka mbali, mwingine anaongeza pesa kidogo ili abadilishe mawazo. Yeye anatikisa kichwa.

Sehemu zipi za korongo ziko wazi siku hiyo, jibu linapatikana getini, si kwenye posti ya mwaka juzi. Mvua ndefu huanza mwezi wa tatu hadi wa tano, lakini mafuriko yale ya pili yalikuja Septemba. Baiskeli zinakodishwa kuanzia pale junction ya Barabara ya Moi South Lake, kama kilomita mbili kabla ya Geti la Elsa. Kagua breki kabla ya kulipa, maana kurudi kuna vumbi na kuna miteremko. Geti hufungwa saa kumi na mbili jioni.